Ahadi ya Diski: Historia ya Hifadhi Katika Seva Pepe

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilishindwa zabuni iliyoiuma kwa muda mrefu. Chuo cha MIT, huko Cambridge, Massachusetts, kilitaka kompyuta ambayo watu wengi wangeitumia kwa wakati mmoja. Wahandisi wake waliichunguza System/360, mashine mpya ambayo IBM ilikuwa imeitangaza Aprili mwaka huohuo, wakaona haiwafai, wakachukua ya General Electric. Katika jengo lilelile la 545 Technology Square ambamo mradi wa MIT ulikuwa na ofisi zake, IBM nayo ilikuwa na kituo kidogo cha utafiti kilichoanzishwa na Norman Rasmussen. Humo ndimo Robert Creasy na Les Comeau walimoanza, mwishoni mwa mwaka huo, kuandaa jibu.

Jibu lao lilikuwa la ajabu kwa zama zile. Hawakutaka kuwagawia watumiaji vipande vya kompyuta moja. Walitaka kila mtumiaji apewe kompyuta nzima, yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake, ingawa chumbani kulikuwa na mashine moja tu. Mfumo wao, CP-40, ulianza kazi Januari 1967 juu ya System/360 Model 40 iliyofanyiwa marekebisho, ukiendesha mashine pepe 14, kila moja ikiamini kwamba ina kilobaiti 256 za kumbukumbu.

Hadaa hiyo ilikuwa rahisi kwa prosesa. Prosesa huazimwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, ikarudishwa, akapewa mwingine, na aliyeazimwa hajui kwamba alikuwa amesubiri. Kumbukumbu nayo ina unafuu wake, kwa kuwa umeme ukizimwa hakuna anayeidai. Diski ni jambo jingine kabisa. Kilichoandikwa Jumatatu lazima kikutwe Ijumaa, mahali palepale, hata kama katikati umeme umekatika mara tatu, na jirani anayetumia sahani ileile ya sumaku asiweze kukigusa. Mashine pepe inaweza kudanganywa kuhusu kila kitu na isidhurike, lakini ikidanganywa kuhusu diski, uongo huo hauna budi kuwa kweli siku ya pili. Ugumu huo umeandama kila kizazi cha seva pepe kilichofuata.

Wahandisi wa Cambridge waliutatua kwa kukata diski kubwa kuwa diski ndogondogo. Mtumiaji alipoomba silinda namba 0 ya diski yake, mfumo uliongeza hesabu kimyakimya na kuupeleka mkono wa diski kwenye silinda, tuseme, ya 50. Akijaribu kuvuka mpaka wake, alikataliwa. Mbinu hiyo iliingia katika VM/370, bidhaa ambayo IBM iliitangaza Agosti 1972, na wazo lake la msingi halijabadilika mpaka leo: kati ya mashine pepe na chuma halisi kuna msimamizi anayetafsiri anwani na kulinda mipaka. Msimamizi huyo wa programu ndiye mafundi wanayemwita haipavaiza.

Kisha wazo hilo likakaa pembeni kwa muda mrefu. Kompyuta ndogo zilishuka bei, na kampuni zikazoea kununua seva moja kwa kila kazi: hii ya barua pepe, hii ya malipo, ile ya mafaili. Kila seva ilikuja na diski zake tumboni, na kila tumbo lilikuwa na shida yake. Moja ilijaa ilhali jirani yake ilikuwa tupu. Seva ikifa, data ilibaki imefungiwa ndani ya sanduku lililokufa.

Mambo mawili yaliileta diski nje ya sanduku. La kwanza lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walichapisha mwaka 1988 andiko lililotetea kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ziwe kama diski moja, zikiweka nakala au hesabu za ziada ili moja ikiharibika data isipotee. Hiyo ndiyo RAID. La pili ni Faiba Chaneli, kiwango kilichopitishwa Marekani mwaka 1994, ambacho kilichukua amri za SCSI zilizokuwa zikipita kwenye waya mfupi ndani ya kompyuta na kuzisafirisha kwa mwanga kupitia nyuzi za kioo na swichi maalumu. Sasa diski ziliweza kukaa kwenye kabati lao lenye vifaa vyake vya umeme vya akiba, mbali na seva, na seva kumi au mia zikaunganishwa nalo. Huo ndio mtandao wa hifadhi, SAN kwa kifupi.

Katika mtandao huo usalama ulijengwa juu ya utambulisho. Kila poti ya kila kadi ya Faiba Chaneli ina jina la biti 64, liitwalo WWN. Swichi hugawa kanda kwa majina hayo, kwamba jina hili linaruhusiwa kuongea na kabati lile tu. Kabati nalo huficha vipande vyake vya diski, kila kipande likikionyesha kwa majina yaliyoandikishwa pekee. Ulikuwa utaratibu mgumu na wa gharama, lakini ulikuwa mwaminifu, na benki na kampuni za simu ziliukumbatia kwa sababu hiyo. Dhana yake moja tu ndiyo iliyokuja kuleta taabu: ulichukulia kwamba poti moja ni seva moja.

Wakati SAN ikienea, katika Chuo Kikuu cha Stanford Mendel Rosenblum na wanafunzi wake Edouard Bugnion na Scott Devine waliifufua kazi ya Cambridge. Mradi wao, Disco, ulisomwa mbele ya wanasayansi wenzao mwaka 1997. Mwaka uliofuata watatu hao, pamoja na Diane Greene na Ellen Wang, wakaanzisha VMware. Prosesa za Intel za wakati ule hazikuundwa kwa ajili ya mashine pepe, kwani zilikuwa na amri kadhaa ambazo haipavaiza haingeweza kuzinasa, hivyo VMware ikawa inazitafsiri amri hizo papo hapo kabla hazijatekelezwa. Bidhaa ya kwanza ilitoka 1999 kwa ajili ya kompyuta za mezani, na mwaka 2001 ikaja ESX Server, iliyokaa moja kwa moja juu ya chuma cha seva.

Diski ya mashine pepe sasa ilikuwa faili. Faili moja kubwa, ambalo mashine iliyo ndani hulitazama na kuliona kama diski kamili yenye sekta zake. VMware iliunda mfumo wake wa mafaili, VMFS, kwa lengo ambalo mifumo ya kawaida ililiogopa: seva nyingi kufungua kipande kilekile cha diski cha SAN kwa wakati mmoja bila kuharibiana. Kila seva ilipoanza kuendesha mashine pepe iliweka kufuli kwenye faili lake, na kufuli hilo liliandikwa kwenye diski yenyewe, mahali ambapo seva nyingine zote zingeliona.

Kazi hiyo ya kimyakimya ndiyo iliyowezesha tukio lililowashangaza mafundi wengi mwaka 2003. VMware ilitoa vMotion, uwezo wa kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine huku ikiendelea kufanya kazi. Watumiaji waliokuwa wameunganishwa hawakukatwa. Aliyeona kwa mara ya kwanza alidhani ni kiini macho, lakini siri ilikuwa kwamba kinachohama ni kumbukumbu na hali ya prosesa tu. Diski haikuhama hata inchi moja. Ilibaki ndani ya kabati lake, na kilichobadilika ni seva gani inayoshika kufuli.

Kwa hiyo aliyetaka vMotion alilazimika kwanza kuwa na mtandao wa hifadhi wa pamoja. Kampuni zilizoingia kwenye seva pepe ili kupunguza gharama za seva zilijikuta zikinunua makabati ya diski ya bei kubwa. EMC, muuzaji mkubwa wa makabati hayo, iliona upepo unakovuma. Desemba 2003 ilitangaza kuinunua VMware kwa dola milioni 635, na huo ulikuwa uamuzi wa akili kuliko mingi iliyofanywa katika biashara hiyo.

Kwa wasiomudu nyuzi za kioo na swichi maalumu, mlango mwingine ulifunguka Aprili 2004. Kiwango cha iSCSI, ambacho mwandishi wake wa kwanza ni Julian Satran wa maabara ya IBM huko Haifa, Israeli, kilichukua amri zilezile za SCSI na kuzipitisha kwenye mtandao wa kawaida wa kompyuta, kwa waya na swichi ambazo kila ofisi inazo tayari. Toleo la VMware la mwaka 2006 lilikipokea. Ofisi ndogo iliyokuwa na seva mbili na kabati moja la diski ingeweza sasa kujenga SAN yake. Ilitakiwa nidhamu, hasa kuutenga mtandao wa hifadhi na ule wa watumiaji, kwa kuwa diski ikikawia kujibu mashine pepe haijui kwamba tatizo ni foleni kwenye swichi. Inaona diski yake imekufa.

Mwaka huohuo wa 2006 sura nyingine ya historia hii ilikuwa ikiandikwa Afrika. Chris Pinkham, mhandisi wa Amazon aliyetaka kurudi kwao Afrika Kusini, alikuwa ameruhusiwa kuijenga huko Cape Town huduma ya kukodisha seva pepe. Pamoja na Christopher Brown, Willem van Biljon na timu ndogo, alitengeneza EC2 juu ya Xen, haipavaiza huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Huduma ilifunguliwa kwa majaribio Agosti 2006. Mteja alilipa kwa saa akapata seva yenye gigabaiti 160 za diski, lakini diski hiyo ilikuwa ndani ya seva halisi aliyoangukia. Seva pepe ikizimwa, data ilipotea yote. Ahadi ya CP-40, kwamba cha Jumatatu kitakutwa Ijumaa, ilikuwa imewekwa kando kwa makusudi ili kuupata wepesi.

Wateja hawakuvumilia. Agosti 2008 Amazon ilileta EBS: diski za kuanzia gigabaiti 1 hadi terabaiti 1 zinazoishi nje ya seva, kwenye mtandao, ambazo mteja huziumba kwa amri moja na kuzifunga kwenye seva pepe yake. Ilikuwa SAN isiyoonekana, iliyokodishwa kwa mwezi, na kila kipande kilikuwa na nakala yake kwenye nodi nyingine, yaani kompyuta nyingine ya hifadhi.

Usiku wa tarehe 21 Aprili 2011, katika kanda ya Virginia, mafundi wa Amazon walikuwa wakiongeza uwezo wa mtandao mkuu wa EBS. Hatua moja ilikosewa, na badala ya kupitishwa kwenye ruta nyingine ya mtandao huo mkuu, mzigo wote ulisukumwa kwenye mtandao wa akiba, ambao ulikuwa mdogo mno kuubeba. Kwa ghafla nodi nyingi zilipoteza mawasiliano na nakala zao. Kosa liliporekebishwa na mtandao kurudi, kila nodi iliyoamini kwamba nakala yake imepotea ilianza kutafuta nafasi tupu ya kutengeneza nyingine. Zilikuwa nyingi kwa mpigo. Nafasi ikaisha, na zile zilizokosa zikaendelea kutafuta bila kukoma, zikizidi kuulemea mfumo. Takriban asilimia 13 ya diski katika eneo lililoathirika zilikwama, haziandikiki wala hazisomeki. Reddit, Quora na Foursquare zilianguka. Kazi ya ukarabati iliendelea kwa siku kadhaa, na mwishowe asilimia 0.07 ya diski za eneo hilo hazikuweza kurejeshwa kamwe.

Kinachofundisha zaidi katika ajali hiyo ni mahali ilipoanzia. Hakuna diski iliyovunjika. Ulinzi uliowekwa ili data isipotee, yaani kutengeneza nakala upesi, ndio uliogeuka kuwa mafuriko, kwa sababu mtandao uliosahaulika nyuma ya diski ulikuwa ni sehemu ya diski. Cape Town yenyewe, ilikojengwa EC2, ilisubiri hadi Aprili 2020 kupata kanda yake ya Amazon, ambapo mteja wa Afrika angeweza kuiweka diski yake pepe ndani ya bara lake.

Turudi kwenye ile dhana ya poti moja, seva moja. Katika kituo cha data cha kampuni, seva moja halisi sasa ilibeba mashine pepe ishirini, na zote zilitoka nje kupitia kadi moja ya Faiba Chaneli, kwa WWN moja. Hali ilikuwa ya nyumba yenye wapangaji ishirini wanaotumia sanduku moja la posta: swichi na kabati la diski havikujua barua ni ya nani. Msimamizi wa mtandao wa hifadhi asingeweza kuiruhusu mashine moja ione kipande fulani cha diski bila kuziruhusu zote. Na klasta za hifadhidata, ambamo seva mbili hushiriki diski moja na kupokezana, nyingi zilibaki nje ya ulimwengu wa mashine pepe, zikidai chuma chao wenyewe.

Dawa ilitoka kwenye kompyuta kuu za IBM, kwa ushirikiano na Emulex, mtengenezaji wa kadi za Faiba Chaneli: kanuni ya NPIV, inayoruhusu poti moja halisi kujiandikisha kwenye swichi kwa majina mengi. VMware iliipokea katika toleo la Desemba 2007, lakini kwa masharti yaliyofanya wengi waiache. Aliyeifanya ieleweke zaidi ni Microsoft, katika Windows Server 2012.

Utaratibu wake unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake historia yote hii imekusanyika. Msimamizi wa Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, kwanza anahakikisha kwamba kadi na swichi zinakubali NPIV. Kisha anaunda kitu ambacho programu inakiita SAN pepe: anakipa jina, na kukichagulia poti halisi zinazofika kwenye mtandao mmoja wa hifadhi. Poti za mtandao wa pili, ule wa akiba, anaziwekea SAN pepe yake. Baada ya hapo anaifungulia mashine pepe adapta za Faiba Chaneli, zisizozidi nne, na kila moja anaifunga kwenye SAN pepe mojawapo. Mashine ikiwashwa, inajiandikisha kwenye swichi kwa jina lake yenyewe, linaloanza na C003FF, na kabati la diski linaiona kama seva kamili. Inaweza kupewa diski zake bila jirani kujua. Kitu kimoja haikuweza: kuwaka kutoka kwenye diski hizo. Diski ya kuwakia ilibaki kuwa faili.

Halafu kuna jambo linalowanasa wengi. Kila adapta hupewa majina mawilimawili, seti A na seti B. Sababu ni kuhama bila kuzimwa. Katika dakika za kuhama, mashine pepe inahitaji kuwa imeshajiandikisha kwenye mtandao wa hifadhi kutoka seva inayoihama, na wakati huohuo kutoka seva inayoiendea, na mtandao haukubali jina moja kutokea sehemu mbili. Kwa hiyo inaondoka na A, inafika na B, na safari ijayo inarudi na A. Seti inayosubiri zamu haionekani kwenye swichi, kwa kuwa haijawahi kujiandikisha. Msimamizi anayegawa kanda kwa kubofya majina anayoyaona kwenye skrini atairuka. Kila kitu kitakwenda vizuri kwa wiki au miezi, mpaka siku ya kwanza ya kuhama, ambapo jina geni linabisha hodi kwenye kabati na kukataliwa. Majina yote, lile la zamu na lile la akiba, lazima yaandikwe kwa mkono katika kanda za swichi na katika ruhusa za kabati kabla ya siku hiyo.

Wakati Microsoft ikiipa mashine pepe njia ya kwenda kwenye kabati, wengine walikuwa wakiuliza kama kabati linahitajika. Mwaka 2003 Google ilikuwa imeeleza hadharani mfumo wake wa mafaili, uliokata data katika vipande vya megabaiti 64 na kuweka nakala tatu katika mashine za kawaida zisizo na SAN yoyote. Mwaka 2007 LeftHand Networks ya Boulder, Colorado, ilitoa kabati la hifadhi ambalo lenyewe lilikuwa mashine pepe: programu inayochukua diski za ndani za seva kadhaa na kuzigeuza kuwa SAN ya iSCSI. HP iliinunua kampuni hiyo mwaka 2008 kwa dola milioni 360. Mwaka 2009 Mohit Aron, aliyekuwa amefanya kazi kwenye mfumo ule wa Google, alianzisha Nutanix pamoja na Dheeraj Pandey na Ajeet Singh, wakauza seva na hifadhi katika sanduku moja.

VMware, mtoto wa EMC muuza makabati, ilifika Machi 2014 na vSAN, iliyoingizwa ndani ya haipavaiza yenyewe. Ilitaka seva zisizopungua tatu, na idadi hiyo ina mantiki yake. Nakala mbili za data hukaa kwenye seva mbili, na ya tatu hubeba shahidi, kipande kidogo kisicho na data ya mteja. Mawasiliano kati ya seva mbili yakikatika, kila moja ingeweza kudhani mwenzake amekufa na kuendelea kuandika peke yake, na diski moja ingekuwa na historia mbili zinazopingana. Shahidi ndiye anayetoa kura ya kuamua nani aendelee. Wengi waliojaribu kuisimika miaka ile hawakukwamishwa na diski wala na shahidi. Walikwamishwa na swichi: vSAN ilitegemea matangazo ya kundi, ambayo swichi nyingi huyazuia zisipopangwa, na seva zikawa hazionani ingawa ziko kwenye rafu moja. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2017.

Upande wa programu huria, Sage Weil wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, alieleza mwaka 2006 mfumo wa Ceph, ambamo hakuna rejesta kuu ya kuulizwa data iko wapi. Kila mteja hupiga hesabu mwenyewe, na hesabu ileile humpa kila mtu jibu lilelile. Mwaka 2014 Red Hat iliinunua kampuni iliyoiendeleza Ceph. Chuo au hospitali yenye seva tatu, diski za kawaida na fundi mvumilivu iliweza sasa kuwa na hifadhi ambayo miaka kumi kabla ingehitaji kabati la mamilioni.

Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Wateja wakaanza kutafuta pa kwenda. Wengi waliitazama Proxmox, haipavaiza huria ya Vienna, Austria, inayokuja na Ceph ndani yake, na Machi 2024 Proxmox ilitoa zana ya kuhamisha mashine pepe moja kwa moja kutoka kwenye seva za VMware. Mipangilio ya prosesa, kumbukumbu na kadi za mtandao husomwa na kuandikwa upya kwa sekunde chache. Diski hunakiliwa baiti kwa baiti, kwa saa nyingi. Na mashine ambayo diski zake ziko kwenye vSAN, zana hiyo haiwezi kuichukua: lazima kwanza diski zihamishiwe kwenye hifadhi ya aina nyingine, na aliyekwisha kuuza kabati lake la zamani baada ya kuingia vSAN hulazimika kutafuta jingine la kupitishia data yake.